Nilivyoamua kama mchanganyiko wangu wa kuchuja floraidi unafaa patenti

Nipo Usa River huku Arusha, na kwa sisi wa huku floraidi, madini ya kwenye maji, tunaijua, meno ya kahawia unayaona kwa watoto wa shule kabisa. Sasa nilivyoloweka mkaa wa mifupa ya ng'ombe kwenye maji ya shabu (chumvi ya aluminiamu) nikaona unashusha floraidi hadi chini ya ile 1.5 mg kwa lita ya WHO, wachache niliowaambia wakaniambia kimbia BRELA, ofisi ya serikali ya kusajili biashara na uvumbuzi, kachukue patenti, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi wako, kabla hujaibiwa.

Mi nikasema ngoja kwanza. Kuandikiwa maombi vizuri ni hela, na sheria haitaki tu kitu kiwe kipya, inataka kisiwe kitu ambacho mtu wa kawaida wa fani hiyo angekifikia mwenyewe. Dada mmoja mwanasheria wa Moshi akanifungua macho, "Mdogo wangu, usiniulize tu kama kuna mtu ameshafanya, niulize kama mkemia angeshangaa."

Nikaingia Espacenet na Google Patents, tovuti za kutafuta patenti za watu wengine, zote bure, na muda wote huo sikuposti kokote maana ukijitangaza kabla ya maombi unaweza kuua upya wa kitu chako. Mkaa wa mifupa upo siku nyingi, kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi cha Ngurdoto hapa jirani wanaujua vizuri. Shabu na chokaa ndio njia ya Nalgonda ya India ya kuondoa floraidi. Kuupaka mkaa wa mifupa aluminiamu, nako watafiti walishaandika. Yaani vipande vyote viko mezani na sababu ya kuviunganisha ipo.

Kilichobaki ni matokeo ya kushangaza. Aluminiamu inashika floraidi vizuri ila maji yenye magadi yanaipunguza nguvu, na maji yetu ya Meru magadi yapo. Nikapanga ndoo tatu, maji ya kisima kimoja, uzito sawa, muda sawa: mkaa mtupu, alumina (oksidi ya aluminiamu) peke yake, na mchanganyiko. Mchanganyiko ungeziacha zile mbili mbali ndani ya maji hayohayo ya magadi, kesho yake ningemlipa wakala wa patenti. Ukazidi kidogo tu, kiasi ambacho mkemia yeyote angekitaja kabla hajapima.

Nikaachana na patenti. Hela nimejengea tanuri ninaloweza kudhibiti moto wake, maana mkaa wa mifupa ukizidisha moto unapoteza uwezo wa kushika floraidi, na ukiuchoma nusunusu maji yananuka hayanyweki. Jina la vichujio ndio nasajili BRELA kama alama ya biashara, hilo ni langu kweli.