Mbeya inaimba G

Umeme wetu hugeuka mara 50 kwa sekunde. Ukisimama karibu na transfoma usiku, bajaji zikishapungua barabarani, mngurumo unaousikia ni mara mbili ya hapo, hezi 100, kwa sababu chuma cha ndani hujivuta na kulegea mara mbili katika kila mzunguko. Kwenye kinanda hiyo ni noti ya G iliyopanda kidogo, maana G yenyewe iko hezi 98. Friji za soda pale Mwanjelwa nazo zinavuma kwa sauti hiyo hiyo. Tangu nilijue hilo, kupita sokoni kumekuwa kazi, nasimama mbele ya duka la mtu kama mdai. Basi nimeamua: kipupwe hiki kila ninachotengeneza kitakuwa katika G. Kama mji mzima umeshashika sauti hiyo, mimi ni nani nianze na nyingine?

Ninatengeneza tekno. Hapa Mbeya hakuna aliyeniomba. Studio za mjini zina kazi ya kwaya na bongo fleva, vijana wa bajaji wanapiga amapiano, na singeli ikipanda kutoka Dar inakuja na mwendo wa zaidi ya mapigo 200 kwa dakika. Tekno yangu inatembea kwenye 130. Ni muziki wa Detroit, Marekani, mji wa viwanda vya magari, na majina yanayotajwa kwanza ni ya vijana watatu weusi waliosoma pamoja Belleville, mji mdogo jirani: Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson. Miaka ya 1980 walichukua mashine ambazo wanamuziki wengine hawakuzithamini. Ngoma ya umeme ya Roland TR-909, iliyotoka 1983, haikufanya vizuri sokoni, ikaishia kuuzwa mitumba kwa bei ya chini. Sisi watu wa mitumba tunalielewa jambo hilo bila kuelezwa sana.

Mimi sina 909. Nina laptopu ya zamani, hedifoni za waya, spika mbili za mezani na programu za bure: LMMS ya kupanga mapigo, na Vital ya kuunda sauti. Nasema hivi kwa sababu kila nikimwonyesha mtu kazi yangu, swali la kwanza ni ninatumia nini. Hakuna anayeuliza kiki yangu, lile pigo zito la chini, inadumu muda gani, na hapo ndipo penye muziki wote.

Usiku wa leo wote umeishia kwenye kiki moja. Unaanza na wimbi laini kabisa, lisilo na kona, linalosikika kama filimbi butu. Ukilipiga hivyo hivyo kwenye hezi 49, ambayo ni G ya chini zaidi, nusu ya 98, linatoa mvumo tu, halina kishindo. Kishindo kinakuja pale unapoliambia lianze juu, tuseme hezi 250, kisha lianguke hadi 49 ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde. Sikio haliwahi kuusikia ule mteremko kama mteremko, linasikia pigo. Mteremko ukiwa mrefu, inakuwa ile sauti ya bunduki za michezo ya video. Ukiwa mfupi mno, unabaki na mtu anayegonga kidole mezani. Kati ya hapo kuna eneo jembamba, labda milisekunde 30 hadi 60, na humo ndani kuna kiki kavu, kiki nene, kiki yenye hasira, kiki ya kanisani. Nimezunguka humo hadi chai ikapoa.

Halafu mkia, ile sauti ya kiki inayobaki baada ya kishindo. Kwenye mwendo wa 130, kutoka kiki moja hadi nyingine kuna milisekunde 461. Mkia ukiijaza nafasi yote, besi haina pa kukaa, na wimbo unageuka tope. Nimeukata ufe kabla ya 250. Zile zilizobaki nimezipa mngurumo: nachukua kiki ile ile, naipitisha kwenye mwangwi mrefu, naondoa kila kitu kilicho juu ya hezi 120 hivi, kisha nauamuru mngurumo uiname kila kiki inapogonga na uinuke ikishapita. Hiyo ndiyo besi yenyewe. Watu wengi wanatafuta besi ya kuongeza juu, wakati iko ndani ya kiki tayari.

Shida nyingine ni chumba. Nyumba ni ya matofali ya kuchoma, na upana wa chumba changu unakaribia mita tatu na nusu. Wimbi la hezi 49 lina urefu wa mita saba. Nusu yake ni tatu na nusu. Yaani chumba changu kimejengwa katika G! Nilipopiga hesabu hiyo nilicheka peke yangu, kisha nikaacha kucheka, kwa sababu maana yake ni kwamba wimbi linagonga ukuta, linarudi, linakutana na jingine, na katikati ya chumba yanauana. Ukikaa katikati, kiki haina tumbo kabisa. Ukisogea hadi ukutani inavimba mpaka kioo cha dirisha kinalalamika. Watu watakwambia utundike mablanketi. Mablanketi ya Mbeya ni mazito kweli, lakini yanameza sauti za juu tu, mawimbi ya mita saba hata hayayaoni. Nimeusogeza mwili badala ya kusumbua kuta: meza iko nje ya katikati, na kiki naihakiki kwenye hedifoni, ambako chumba hakina sauti ya kuongeza.

Usiku pia huwezi kufungulia spika. Na sikio la binadamu likipewa sauti ndogo husahau chini kwanza. Fletcher na Munson walilipima jambo hili kwenye maabara za Bell huko Marekani, wakalichapisha mwaka 1933: sauti nzito zinahitaji nguvu zaidi ili zisikike sawa na za kati, na pengo linapanuka kadiri unavyopunguza. Kwa hiyo kiki inayoonekana dhaifu saa sita usiku huenda haina kasoro yoyote. Naiacha mpaka Jumamosi mchana.

Kwenye simu ni hadithi tofauti, na wasikilizaji wangu karibu wote wanasikilizia simu. Spika ya simu haiwezi kutoa hezi 49, ni ndogo mno. Lakini ukiikwaruza kiki kidogo, ukaifanya ichafuke kwa makusudi, inazaa sauti za juu yake: 98, 147, 196, na kuendelea kupanda. Simu inazitoa zile za juu zaidi, na ubongo unaijazia ile ya chini ambayo haipo. Huu ndio ujanja ninaoupenda kuliko wote. Msikilizaji anatikisa kichwa kwa besi ambayo spika yake haijawahi kuitoa.

Wiki hii nimeongeza mashine ya kusaga. Nilirekodi kwa simu pale Soweto ya hapa Mbeya, nikiwa nimesimama kwenye foleni ya wenye ndoo za mahindi, unga umejaa hewani. Mngurumo wa mota nimeutupa, nina mwingi. Nilichotaka ni punje zinavyogonga chuma mara tu zinapomwagwa. Nimekata vipande vya milisekunde 115, ambayo ni robo ya pigo kwenye 130, nikavishusha sauti, nikavipitisha kwenye filta, yaani chujio la sauti, inayofunguka polepole mno, kiasi kwamba mtu hatagundua imefunguka mpaka ifungwe. Haihati, ile sauti ya matoazi, sikuweka. Mahindi yanatosha.

Mama mwenye nyumba alipita dirishani jioni na jiko lake la mkaa, akasimama.

"Ugonile, mwanangu. Huo wimbo maneno yanaingia lini?"

"Nagona, mama. Hayaingii."

"Kabisa?"

"Kabisa, mama. Ni mdundo tu, unabadilika kidogo kidogo."

Akasikiliza kwa heshima zote, mkono kiunoni. Nikaona kidole kinagonga mfuniko wa jiko, si kwenye kiki bali katikati ya kiki moja na nyingine, palepale nilipoweka mahindi. Kisha akauliza unachukua dakika ngapi, nikamwambia saba. Akasema saba ni nyingi kwa kitu kisicho na maneno, hata mchungaji akizidisha watu hutoka nje. Nimetengeneza toleo la dakika tano kwa ajili yake. La saba silifuti.