Jinsi Nilivyoutoa Unyevu katika Nyumba ya Matofali ya Suffolk

Nilijifunza uashi Mji Mkongwe wa Zanzibar, chini ya mkono wa ami yangu, katika kuta za mawe ya matumbawe na chokaa. Nilipopewa kazi ya kukarabati nyumba ya shamba na ghala lake la nafaka huko Suffolk, mashariki mwa Uingereza, mwenye nyumba alikuwa amechoshwa na unyevu: kila majira ya baridi plasta ya sebuleni ilivimba na kudondoka, na kabati lililokuwa limeegemezwa ukutani lilikuwa limeota ukungu mgongoni.

Siku ya kwanza sikugusa kitu, niliusoma ukuta tu. Upande wa nyuma matofali yalikuwa membamba, yana kimo cha sentimita 5 hivi, yamepangwa kozi (safu) moja ya ubavu, yaani upande mrefu wa tofali ukitazama nje, na kozi moja ya vichwa, yaani ncha zake fupi, mtindo wa zamani wa Kiingereza. Upande wa mbele kila kozi ilichanganya kichwa na ubavu kwa zamu, mtindo ulioshika nchini humo tangu karne ya 17, na matofali yake yalikuwa manene zaidi. Kodi ya matofali ilianza mwaka 1784 ikitozwa kwa idadi, na baadhi ya wachomaji wakaongeza ukubwa wa tofali ili walipe kidogo; lakini unene peke yake hautoshi kutaja mwaka, kwa hiyo niliridhika kujua kwamba uso wa nyumba ni mdogo kwa umri kuliko mgongo wake.

Kilichonishtua ni viungo, yaani nafasi zinazojazwa kati ya tofali na tofali. Nyuso za matofali zilikuwa zikibanduka vipande vyembamba kama maganda ya kitunguu, ilhali mchanganyiko wa kijivu uliokuwa katikati yake ulikuwa mzima, mgumu, umetokeza nje. Nilimpigia simu ami nikamwambia, "Ami, ukuta unatoka jasho ndani na unabanduka nje." Akajibu papo hapo, "Hiyo saruji, mwanangu. Wameuziba pumzi."

Alisema kweli. Saruji ya Portland ilipata hataza mwaka 1824, kwa hiyo waashi walioujenga ukuta ule wa nyuma hawakuijua. Walitumia chokaa, ambayo ni laini kuliko tofali na huruhusu maji kupita na kukauka kwenye viungo. Fundi wa baadaye alipoziba viungo kwa saruji, maji yalibaki ndani ya tofali, yakaganda wakati wa baridi, yakatanuka na kuurusha uso wake.

Jengo limesajiliwa kama urithi, hivyo tulisubiri kibali cha halmashauri kabla ya kuanza. Nilikataa mashine ya kukatia, kwa sababu ikiteleza mara moja hula kingo za tofali. Nilitumia tindo nyembamba na nyundo ndogo, nikichimba kina cha mara mbili ya upana wa kiungo. Hata hivyo wiki ya kwanza nilipiga kwa nguvu mno nikavunja kingo za matofali kadhaa, na hadi leo jambo hilo linaniuma. Kisha nikajaza sehemu 1 ya chokaa iliyoroweshwa kwa sehemu 3 za mchanga mkali, baada ya kulowesha viungo, nikafunika ukuta kwa magunia mabichi ili chokaa isikauke haraka. Joto liliposhuka karibu na nyuzi 5 tulisimama, maana chokaa changa ikipigwa na baridi kali huharibika.

Ghala lilinipendeza kuliko nyumba. Milango yake miwili mikubwa inatazamana, na sakafu iliyo katikati ndipo nafaka ilipopurwa, upepo ukipita mlango hadi mlango na kuchukua makapi. Juu ukutani waashi waliacha matundu kwa kuruka matofali, wakayapanga umbo la almasi ili mavuno yapate hewa. Mengi yalikuwa yamezibwa, na boriti zilizokuwa nyuma yake zilikuwa zimeanza kuoza. Kuyafungua kulikuwa sehemu ya kibali chetu. Tundu la kwanza lilipofunguka, mstari wa mwanga ulishuka hadi sakafuni ukiwa umejaa vumbi la miaka, nami nikauhisi upepo usoni nikiwa bado juu ya jukwaa.

Plasta ya ndani tuliiacha mwaka mzima bila kuigusa, ukuta ukauke kwanza. Majira ya baridi yaliyofuata nilirudi, nikaweka kiganja mahali palipokuwa pakitoka jasho. Palikuwa baridi, lakini pakavu, na mwenye nyumba alikuwa amekwisha kulirudisha kabati lake.