Siku moja kwenye kiti cha kulia

Saa 11:00 alfajiri. Kazi ya mwalimu wa urubani, anayekaa kiti cha upande wa kulia wa ndege, huanza kabla hajatoka nyumbani. Nasoma taarifa ya hali ya hewa ya uwanjani na utabiri wa saa zinazofuata. Nautazama upepo, umbali wa kuona, kimo cha mawingu, halafu tofauti kati ya halijoto ya hewa na kiwango cha umande, yaani halijoto ambayo hewa ikipoa kuifikia huanza kutoa umande. Namba hizo mbili zikisogeleana sana, ukungu hauko mbali. Leo zimeachana vizuri. Kinachonipa mawazo ni upepo: asubuhi umetulia, lakini unatarajiwa kuongezeka na kugeuka hadi uje kwa ubavu wa njia ya kurukia. Basi mazoezi ya kutua yatatangulia.

Kisha najikagua mwenyewe. Nimelala vya kutosha? Kuna dawa nimemeza? Nilianza kujifunza kurusha ndege nikiwa nimevuka miaka 40, na kwa umri wa makamo usingizi uliopungua usiku unaonekana kazini asubuhi.

Saa 12:30 asubuhi. Mwanafunzi wa kwanza ni mhasibu wa umri wangu, bwana mtaratibu sana. Anaizunguka Cessna 172, ndege yetu ndogo ya mafunzo, akiikagua, nami nafuata nyuma bila kusema neno. Anachota mafuta kidogo kutoka chini ya kila tangi na kuyaangalia kwenye mwanga. Mafuta ya ndege hizi, ya oktani 100, hutiwa rangi ya buluu. Maji hayana rangi na ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo kama yameingia utayaona yametuama chini ya kichupa. Anapitisha kiganja kwenye ukingo wa propela, anatikisa bawaba za mabawa. Nampenda mwanafunzi asiyeharakishwa na uwepo wangu.

Saa 1:10. Tunakaa darasani kwa dakika ishirini hivi. Ndani ya ndege kuna kelele, joto, redio inaita, na kila sekunde moja inakusogeza mita thelathini mbele. Hapo si mahali pa kuelezea jambo jipya. Kila ninachotaka aelewe nakichora ubaoni kwanza, ili angani tubaki na maneno mafupi ambayo tayari anayajua. Lengo la leo ni moja tu: mita chache za mwisho kabla ya magurudumu kugusa.

Saa 1:45. Kabla ya kuruka anajaribu magneto, kifaa kinachozalisha umeme wa cheche za injini. Injini ina mbili, na kila silinda ina plagi mbili za cheche. Ukizima magneto moja, mizunguko ya injini hushuka kidogo kisha hutulia. Isiposhuka kabisa, wengi hufurahi, kumbe ndipo pa kusimama: huenda magneto hiyo haizimiki, na propela inaweza kuwa hatari hata swichi ikiwa imezimwa. Namuuliza kwa nini, ananijibu sawasawa. Tunaondoka.

Tunazunguka uwanja kwa kimo cha futi 1,000 juu ya ardhi, tunatua, tunaruka tena. Kutua humsumbua mtu mzima kuliko kijana, na sababu yake naijua kwa mwili wangu. Mtu mzima anataka kuelewa ndipo mkono utembee, na amezoea kuangalia kilicho karibu naye. Akiangalia lami iliyo mbele ya pua ya ndege, ardhi inaonekana kumrukia, anashtuka na kuvuta usukani, ndege inapanda tena huku kasi inaisha. Dawa yake ni macho. Ukishavuka mwanzo wa njia, yapeleke mwisho kabisa wa lami na uyaache huko. Kutoka huko ndipo utahisi ndege inavyozama, na mkono utaanza kuvuta polepole wenyewe.

Kasi nayo ina deni lake. Tunakuja kwa noti 65, yaani kama kilomita 120 kwa saa. Ndege ikifika chini ya kimo kinacholingana na upana wa mabawa yake, mita 11 kwa hii yetu, ukinzani wa hewa unapungua na inaanza kuelea. Aliyekuja na noti 75 atauona uwanja ukipita chini yake.

Na mimi? Mikono yangu iko mapajani. Hiyo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote za ualimu huu. Katika kozi ya ualimu nilijifunza kurusha kutoka kiti cha kulia huku nikizungumza, lakini kujua lini usishike usukani huja kwa kukaa na wanafunzi wengi. Ukishika mapema umemnyang'anya somo. Ukichelewa umevunja gurudumu la pua. Kwa hiyo kila safari naamua kabla ya kuruka: kasi ikishuka chini ya kiwango fulani, au ndege ikielekea nje ya mstari wa katikati na yeye harekebishi, nitasema "ndege yangu", naye atajibu "ndege yako" na kuachia. Leo sikulazimika. Alitua vizuri mfululizo, kwa mikono yake.

Tuliposimama kwenye maegesho mfuko wa upepo ulikuwa umenyooka. Yeye aliuona pia. Alijua yuko karibu kuruka peke yake, na alinitazama.

"Mwalimu, leo?"

"Leo hapana. Upepo ni noti 16, unatukata kwa nyuzi 30. Ubavuni unabaki kiasi gani?"

Akapiga hesabu. "Nusu. Noti nane."

Cessna 172 imejaribiwa kwenye upepo wa ubavuni wa noti 15, kwa hiyo ndege ingeweza. Lakini mara ya kwanza mtu anapokaa humo peke yake, ndege ni nyepesi, inapanda haraka kuliko alivyozoea, na kiti cha kulia ni kitupu. Hayo yanatosha kwa siku moja. Alikubali bila kununa, na kwangu hiyo ni alama nyingine ya utayari.

Saa 4:00. Binti mmoja, mwepesi wa mikono ajabu. Tunapanda juu kufanya stoli, yaani bawa kushindwa kubeba. Anafikiri ni suala la kasi ndogo tu. Namwonyesha kwamba ni pembe ya bawa dhidi ya hewa: ndege ikikata kona imelala nyuzi 60 bila kupoteza kimo, uzito wote ndani yake huwa mara mbili, na kasi ya stoli hupanda kwa asilimia 41 hivi. Sukuma pua chini kwanza, nguvu ya injini baadaye. Alirudia hadi mikono ikaacha kubishana na akili.

Saa 7:00 mchana. Logibuku, yaani daftari la saa za kuruka, saini, ripoti. Hewa ni moto na inatikisa, hakuna anayeruka.

Saa 10:30 jioni. Mgeni amekuja kuuliza. Ana miaka 52, anaogopa amechelewa.

Nilimwambia aanze kwa daktari wa marubani kabla hajalipia somo hata moja. Kiwango cha chini cha kimataifa cha leseni binafsi ni saa 40 za kuruka, au 35 katika kozi iliyoidhinishwa, lakini ajiandae kwa zaidi, kwa sababu wa rika letu wengi huhitaji marudio mengi. Akitaka kulipwa, kuna leseni ya biashara: saa 200, au 150 katika kozi ya namna hiyo, ndipo kozi ya ualimu. Kikomo cha miaka 65 kinahusu marubani wa safari za kibiashara za kimataifa, kwa hiyo mlango wa mashirika makubwa kwake ni mwembamba. Wa kufundisha uko wazi zaidi, mradi afya ikubali.

"Na kichwa kikiwa kizito?" akauliza.

Nikamwambia aje kesho saa 1 asubuhi, akae nyuma yetu darasani na kusikiliza. Mhasibu atakuwepo, kama upepo utaruhusu.