Ukirudi nyumbani ukakuta walinda amani, tazama barabara kwanza

Sisi tunaorudi baada ya miaka mingi huulizia nyumba: ingalipo, na nani anaishi ndani? Mahali palipopigana jamii mbili, anza na barabara. Nyumba ambayo huwezi kuifikia bila kuulizwa kabila lako njiani, bado hujarudishiwa.

Bosnia inalionyesha hili wazi. Mkataba wa Dayton wa 1995, uliomaliza vita kati ya Wabosnia Waislamu, Waserbia na Wakroati, uliwapa waliofukuzwa haki ya kurudishiwa makazi, na majeshi ya NATO yakawatenganisha wapiganaji. Bunduki zikanyamaza, lakini watu waliogopa kuvuka. Kila upande ulikuwa na vibao vyake vya namba za magari. Askari akikiona tu, keshajua dereva ni wa akina nani. Mwaka 1997 polisi wa Umoja wa Mataifa walipiga marufuku kizuizi cha barabarani cha zaidi ya dakika 30 kisicho na kibali chao. Mwaka uliofuata, Mwakilishi Mkuu wa kimataifa, msimamizi wa utekelezaji wa mkataba huo, akaleta vibao vya nchi nzima visivyoonyesha mji, vyenye herufi zinazoandikwa sawasawa kwa Kilatini na kwa Kisirili, mwandiko wanaoutumia Waserbia: A, E, J, K, M, O, T. Herufi saba tu, na gari likawa halina kabila! Kufikia 2004 waliorudi walitimia milioni 1, ingawa wapo waliopata nyumba wakaiuza palepale, maana kazi na shule vilibaki kwa kabila lililoushika mji.

Kupro, kisiwa kilichogawanyika kati ya Wagiriki na Waturuki, ni upande wa pili wa jambo hilohilo. Walinda amani wapo tangu 1964, na ukanda wanaoulinda una urefu wa kilomita 180 hivi. Umezuia vita, ila kuanzia 1974 hadi vivuko vilipofunguliwa Aprili 2003, watoto walikua bila kumjua jirani wa ng'ambo.

Kwa hiyo msiombe doria peke yake. Ombeni msafara wenye ratiba, unaosindikiza jamii zote mbili kwenda soko moja, kama la Amiet kule Abyei, eneo linalogombaniwa na Sudan na Sudan Kusini, wanakouziana Wangok Dinka na Wamisseriya. Halafu mchunguzeni mkalimani. Vikosi hubadilishwa kila baada ya miezi kadhaa, yeye hubaki. Akiwa wa kabila moja tu, wa kabila la pili watakaa kimya mkutanoni, na kamanda ataandika kwamba hakuna malalamiko. Dai wakalimani wawili, kila mmoja amsikilize mwenzake anavyotafsiri.