Sinia la Kihabeshi jijini Washington

Wapo wanaosema migahawa mipya ya Kihabeshi hapa Washington imeuza asili yake, kwamba siku hizi ni taa za kupendeza na bei za kukomoa tu. Nimekula katika mmoja wao, mtaa wa Shaw, na sikubaliani nao, ila kwa jambo moja.

Niliagiza doro wot. Ukitaka kumpima mpishi wa Kihabeshi, mpime kwa mchuzi huu wa kuku. Kitunguu maji hukatwakatwa kidogo kidogo na kupikwa kikavu kwa moto mdogo, bila mafuta, saa nzima na zaidi, mpaka kilainike na kubadilika rangi. Ndipo hutiwa berbere, mchanganyiko wao wa pilipili na viungo, na ile samli yao ya viungo. Kuku huja baadaye, na yai la kuchemsha huingia mwishoni. Ule niliokula ulikuwa mwekundu wa kukolea, mzito, kitunguu hukioni kabisa ila utamu wake unaufuata mpaka kooni. Mpishi wa haraka hawezi kuutoa mchuzi ule.

Injera nayo, ule mkate wao mpana mwembamba kama chapati laini, ilikuwa ya teff tupu, nafaka ndogo ya Ethiopia, ya rangi ya kahawia, na ukali wake wa chachu ulikuwapo. Hilo si jambo dogo huku. Teff ni ghali. Ethiopia ilipiga marufuku kuuza nje nafaka yake ghafi mwaka 2006, na sehemu ya ile tunayopata hulimwa Idaho. Ndiyo maana migahawa mingi huchanganya na shayiri au ngano.

Sasa lile jambo moja. Kila chakula kilikuja kwenye sahani yake: kuku huku, adesi kule, mboga pembeni, na uma juu. Mimi mtoto wa Tanga, niliyelelewa kwenye sinia, niliona tumetenganishwa. Rafiki yangu wa Mombasa akamwita mhudumu, "Samahani dada, tunaomba vyote kwenye sinia moja." Binti akacheka kwa furaha, akarudi na sinia pana, injera imetandazwa, akamimina kila kitu juu yake kwa mkono wake. Rafiki yangu akakata kipande, akakichovya, akanilisha. Kulishana huko wenyewe huita gursha, na meza nzima ilibadilika kuanzia hapo. Kwa nini mteja aombe kitu ambacho ndicho moyo wa chakula chenyewe?

Kahawa ililetwa kwenye jebena, birika lao la udongo, na ubani ukifuka kando. Nilikunywa finjani mbili.

Kinachoniuma ni sisi Waswahili. Wahabeshi walianza kuja kwa wingi baada ya mapinduzi ya mwaka 1974, wengi wakiwa wakimbizi. Walifungua migahawa katika mtaa wa Adams Morgan, kisha U Street na Mtaa wa 9, na leo wamejaa Silver Spring na Alexandria, miji ya jirani. Hawakungoja Mmarekani awazoee ndipo waandike shiro, mchuzi mzito wa unga wa dengu, na kitfo, nyama mbichi ya kusaga, kwenye menyu. Chakula chetu, samaki wa kupaka, mbaazi za nazi, biriani ya harusini, bado kinauzwa kwa oda ya WhatsApp na akina mama wanaopika usiku baada ya zamu ya kazini. Wanapika vizuri mno, na wanastahili jiko kubwa, mlango wa barabarani na jina ukutani. Tukichanga kwa ajili ya misiba na harusi, na tunachanga kweli, tunaweza kuchanga kumfungulia mmoja wao.

Mkitaka kwenda Shaw, nendeni Jumatano au Ijumaa. Siku hizo Waorthodoksi hufunga nyama, maziwa na mayai, na beyaynetu ya mfungo, yaani sinia la vyakula mchanganyiko, ina adesi, kabichi, shiro na mboga za majani, yote bila nyama. Kwa wanne, agizeni beyaynetu mbili na doro wot moja. Sinia liombeni mapema, kabla hawajapakua.