Vitabu vya chuo Marekani, msikimbilie kununua vipya

Wadogo zangu mnaokuja huku Marekani mwezi wa nane, ada mmeshapiga hesabu, pa kulala mmepiga, bima mmepiga, ila vitabu karibu kila mtu anavikumbuka akishafika. Huku kila somo unanunua kitabu mwenyewe na kimoja kipya cha kemia au uhasibu kinaweza kupita dola 200, halafu wenye viza ya mwanafunzi, F-1, kazi ya chuoni wakati wa masomo mwisho masaa 20 kwa wiki, na ile Pell Grant, msaada wa masomo wa serikali wanaopewa wenyeji, hatuigusi.

Kinachonikera ni hizi edisheni mpya za kila baada ya miaka michache. Somo ni lile lile, wamehamisha maswali tu na kubadili namba za kurasa, basi cha zamani kinakosa soko. Mbaya zaidi ni zile namba za siri za kuingilia mtandaoni, homuweki zote ziko humo ndani, usipolipia marks huzioni, na akishaitumia mtu mmoja imekufa. Kitabu unaweza kuazima kwa mwenzio, hiyo namba utaazimaje? Mtoto wa maskini anakatwa marks kwa sababu ya hela na sio akili, na hili halinikai moyoni kabisa.

Sasa fanyeni hivi. Sheria ya 2008 inavitaka vyuo vinavyopokea hela ya serikali kuu vioneshe ISBN (namba ya utambulisho ya kitabu) na bei ya vitabu kwenye ratiba ya masomo, kwa hiyo unaijua mapema, kitafute kitabu chenye ISBN hiyo kwa waliokwisha kukitumia. Mwandikie profesa umuulize kama edisheni ya nyuma inafaa, wengi hawana shida. Nenda laibrari uliza vitabu vya reserve, unasoma hapo hapo kwa masaa kadhaa bure, na kama hawana wanaweza kukuagizia kutoka chuo kingine. Fizikia, baiolojia, uchumi, takwimu, angalia OpenStax ya Rice University, tangu 2012 wanatoa vitabu kamili bure mtandaoni. Na soma bili yako vizuri jamani, vyuo vingine vinaweka hela ya vitabu humo moja kwa moja, una haki ya kujitoa ila kuna tarehe ya mwisho, ikipita umelipa.

Kuna kesi moja naipenda sana. Supap Kirtsaeng, mwanafunzi kutoka Thailand aliyekuwa anasoma chuo cha Cornell huku Marekani, ndugu zake walikuwa wananunua kule kwao vitabu halali vya bei rahisi vya kampuni ya John Wiley & Sons wanamtumia, yeye anauza huku. Kampuni ikamshtaki, kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani, na 2013 majaji 6 dhidi ya 3 wakasema kitabu halali ukishakinunua ni chako, hata kama kilichapwa nje unaweza kukiuza. Kwa hiyo zile edisheni za kimataifa zenye jalada jepesi mkizipata huko kwa bei nzuri, njooni nazo bila woga, hakikisheni tu sio za kudurufu na sura zinafanana na za kwenye silabasi.

Na nyie mnaomaliza mwezi wa tano, duka la chuo mkiliuzia vitabu vyenu litawapa hela ya kutupa. Wapeni wanaokuja, kabla edisheni haijabadilika tena.