Kompyuta yangu ya kwanza ya gemu na kazi, laki nane tu

Mwanzo nilitaka kununua kila kitu kipya kipande kwa kipande, nikapiga hesabu nikaona hapa nitauza figo. Nikaenda zangu Kariakoo nikachukua Dell OptiPlex 7060 yuzdi, ile kubwa ya kusimama sio kile kiboksi chembamba, ina prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel i5-8500 ya koo 6, yaani viini sita vya kufanyia kazi, na ram (kumbukumbu ya muda) GB 8. Kizazi cha 8 cha prosesa za Intel ndo nilikazania maana vya nyuma yake karibu vyote Windows 11 haivitaki, na Windows 10 Microsoft walishaiacha Oktoba 2025.

Sasa kichwa kiliniuma kwenye kadi ya grafiki, ile inayochora picha za gemu. Pawa saplai yake ndogo na haina waya wa ziada wa kulishia kadi, kwa hiyo lazima upate inayokula umeme wa kwenye sloti (pale inapochomekwa kwenye mazabodi, ubao mkuu wa kompyuta) peke yake, yaani isizidi wati 75, ndo nikaangukia GTX 1650. Na hapo uwe makini, jamaa mmoja alitaka kunipa yenye tundu la umeme la pini 6 pembeni eti "itawaka tu broo", nikamwambia asante kaka.

Nikaongeza ram nyingine ya 8 zikawa pacha zinazofanya kazi pamoja, gemu likaacha kukwamakwama.

Ila siku ya kuwasha sasa! Skrini nyeusi tii, feni inazunguka, mi natokwa jasho nawaza hela yangu, nusu saa nzima nachomoa nachomeka ram, kumbe waya wa HDMI nimeuchomeka kwenye mazabodi badala ya kwenye kadi 😂